Dakika mbili kizimbani: hoki ya barafu inafundisha nini kuhusu kukubali adhabu

Bokondji Imama alizaliwa Montreal, Canada, mwaka 1996, wazazi wake wakiwa wametoka Kongo. Badala ya kabumbu, mchezo ambao karibu kila mtoto wa Kinshasa, Goma ao Bukavu anaanza nao barabarani, yeye alikulia kwenye barafu, fimbo mkononi na viatu vya chuma miguuni. Mwaka 2015 alichaguliwa na Tampa Bay Lightning kati ya vijana wa mwaka ule. Mwaka 2022 akacheza mechi yake ya kwanza katika NHL, ligi kubwa kuliko zote za hoki ya barafu duniani, akivaa jezi ya Arizona Coyotes. Baadaye akavaa pia ile ya Pittsburgh Penguins.

Kazi anayojulikana nayo si kufunga mabao. Ni kulinda wenzake kwa mwili, na ikilazimika kwa ngumi. Kwa sababu hiyo, mtoto huyu wa Wakongo anafahamu vizuri mahali ambapo mashabiki wa kabumbu hawapafahamu: kizimba cha adhabu, kile ambacho watu wa Québec wanaita «banc des punitions».

Kizimba hicho ni kitu kidogo, lakini kinastahili kutazamwa kwa makini na wale wanaosimamia michezo mashariki mwa Kongo, na hata na wale wanaosimamia mambo mazito kuliko michezo. Ndani yake kuna jibu moja kwa swali la zamani: namna gani mtu mwenye kosa anaweza kuadhibiwa mbele ya wote, bila kupigwa na bila kusamehewa ovyo, kisha arudi na kazi iendelee?

Namna kizimba kinavyofanya kazi

Katika hoki ya barafu kila timu inakuwa na wachezaji watano na mlinda lango mmoja. Anayemvuta mwenzake kwa fimbo, kumtega miguu ao kumpiga, anatolewa nje dakika mbili. Kosa kubwa, kama kupigana, linalipwa kwa dakika tano. Mwenye kutukana ao kuendelea kumbishia mwamuzi anaweza kupewa dakika kumi. Mchezaji anaingia kwenye kizimba chenye kioo, kilicho upande wa pili wa barafu, mbali na benchi ya timu yake. Mlango unafungwa. Saa kubwa inaanza kuhesabu sekunde, na uwanja mzima unaiona.

Kwa makosa ya dakika mbili timu inabaki na watu wanne dhidi ya watano. Wapinzani wakifunga bao katika muda huo, mkosaji anaachiliwa, kwa sababu deni limekwisha kulipwa. Zamani haikuwa hivyo. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1955, Jean Béliveau wa Montreal Canadiens alifunga mabao matatu katika sekunde 44 wakati Boston walikuwa na upungufu wa watu. Kabla ya msimu uliofuata ligi ilibadilisha sheria: bao moja linatosha kumtoa aliyefungiwa kwa kosa dogo. Waliona kwamba adhabu isiyo na kipimo inaua mchezo.

Mlinda lango akifanya kosa dogo, mwenzake ndiye anayekwenda kukaa kwa niaba yake. Timu ikiingiza watu wengi kupita hesabu, kocha anachagua mmoja wa kwenda kulipa kwa ajili ya wote. Hapo ndipo adhabu ya hoki inapotofautiana na kadi ya njano ya kabumbu. Kadi ya njano inaandikwa katika kitabu, na mchezaji anaendelea kukimbia kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika hoki kosa la mtu mmoja linaonekana mara moja katika jasho la wenzake wanne. Yeye amekaa, anatazama. Wao wanazuia mashuti kwa miguu na vifua vyao kwa ajili ya upuuzi wake.

Sura nyingi za kukasirika

Ni uongo kusema kwamba wachezaji wa hoki wanakubali adhabu kama watakatifu. Wengine wanafunga mlango kwa kishindo. Wengine wanavunja fimbo ukutani. Wengine wananyoosha mikono juu, macho yakiuliza «mimi?», sawasawa na beki wa kabumbu aliyemkata mtu miguu mbele ya watu elfu moja. Wako pia wanaojiangusha kwa makusudi ili mwingine aadhibiwe. Tangu msimu wa 2014-2015 NHL imeweka faini zinazopanda kila mara mchezaji anaporudia hila hiyo.

Hasira nyingine zimeingia katika historia. Tarehe 30 mwezi wa kumi 1963, Bob Pulford wa Toronto na Terry Harper wa Montreal walipigana kwenye barafu, wakapelekwa wote wawili kwenye kizimba, ambacho wakati huo kilikuwa kimoja kwa timu zote mbili. Humo ndani wakaendelea kupigana. Siku chache baadaye uwanja wa Maple Leaf Gardens wa Toronto ukatenga sehemu mbili, kila timu na yake. Mwaka 2001, huko Philadelphia, Tie Domi wa Toronto alikuwa kizimbani akirushiwa vitu na mashabiki, akawamwagia maji. Shabiki mmoja akaegemea kioo, kioo kikaanguka, naye akajikuta ndani mikononi mwa mtu aliyekuwa akimchokoza.

Hesabu nazo zinasema kitu. Dave «Tiger» Williams anashikilia rekodi ya NHL ya dakika za adhabu katika msimu wa kawaida. Ni zaidi ya saa 66 za kukaa na kutazama wengine wakicheza. Wayne Gretzky, anayehesabiwa na wengi kuwa mchezaji bora wa hoki wa nyakati zote, alipata dakika 577 tu katika mechi 1,487. Wote wawili waliingia katika mlango uleule, na hakuna aliyepewa saa inayokwenda mbio kwa sababu ya jina lake.

Hilo ndilo jambo la msingi. Mchezaji anaweza kukasirika anavyotaka, lakini anakwenda. Akikataa ao akiendelea kupayuka, dakika zinaongezeka na wenzake ndio wanaoumia. Wenzake hao hao ndio wanaomwambia anyamaze. Adhabu ni fupi, kipimo chake kinajulikana, inakuja palepale, na ikiisha imeisha. Mlango unafunguliwa, anarudi mchezoni, na mara nyingine kipira kinamkuta nyuma ya mabeki akiwa peke yake mbele ya lango. Yule aliyekuwa mkosaji sekunde moja iliyopita anaweza kuwa mwokozi wa timu.

Mji uliochomwa na adhabu

Adhabu inakubalika tu pale watu wanapoamini kwamba mizani ni moja kwa wote. Montreal wanalijua hilo kuliko mji wowote wa hoki.

Tarehe 13 mwezi wa tatu 1955, katika mechi ya Boston, Maurice Richard, nyota wa Canadiens, alipigwa kichwani kwa fimbo. Akalipiza kwa fimbo, na katika vurugu akampiga ngumi mmoja wa waamuzi wa pembeni. Rais wa NHL, Clarence Campbell, alimfungia mechi zote zilizobaki za msimu pamoja na zile za kuwania kombe. Kosa lilikuwa la kweli, hakuna aliyeweza kulikana. Lakini Richard alikuwa fahari ya Wakanada wanaosema Kifaransa, watu waliokuwa wengi katika mji wao lakini wakiamuriwa na mabosi wanaosema Kiingereza. Kwao, aliyehukumiwa hakuwa mchezaji mmoja, walihukumiwa wote.

Tarehe 17, Campbell alikwenda mwenyewe kuketi uwanjani Montreal. Bomu la machozi likalipuka ndani, mechi ikasimamishwa na ushindi ukapewa Detroit. Nje, umati ukavunja vioo na kupora maduka katika barabara ya Sainte-Catherine hadi usiku.

Kilichozima moto si polisi peke yao. Siku iliyofuata, Richard mwenyewe alizungumza kwenye redio. Aliwaomba watu watulie, akasema anaikubali adhabu yake na kwamba atarudi mwaka unaofuata kusaidia timu kushinda kombe. Alikuwa amepoteza nafasi ya kuwa wa kwanza kwa pointi katika ligi, kwa tofauti ya pointi moja tu, na timu yake ikapoteza fainali. Lakini alirudi. Kuanzia 1956 hadi 1960 Canadiens walichukua kombe miaka mitano mfululizo.

Watu wengi wanakumbuka vioo vilivyovunjwa. Inafaa kukumbuka zaidi ile sauti ya redioni. Mtu mwenye nguvu ya kuwasha mji alichagua kusema: kosa ni langu, nitalipa, kisha nitarudi.

Mwamuzi naye akikosea?

Hapa wapinzani wa hoja hii wana haki ya kusimama na kuuliza: je, mchezaji akubali tu, hata anapoonewa?

Hapana. Na hoki yenyewe imejifunza hilo kwa aibu. Tarehe 23 mwezi wa nne 2019, Vegas Golden Knights walikuwa wakiongoza 3-0 dhidi ya San Jose Sharks katika mechi ya saba, ile ya kuamua nani anasonga mbele. Joe Pavelski wa San Jose akaanguka vibaya, damu kichwani. Waamuzi wakampa Cody Eakin wa Vegas dakika tano, adhabu ya kosa kubwa ambayo haiishi hata wapinzani wakifunga. San Jose wakafunga mabao manne ndani ya dakika hizo, na mwishowe wakashinda 5-4 katika muda wa nyongeza. Baadaye NHL iliwaomba Vegas radhi, na msimu uliofuata waamuzi wakaruhusiwa kutazama video kabla ya kuthibitisha adhabu kubwa kama hiyo.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa tatu 2021, kipaza sauti kilimnasa mwamuzi Tim Peel akisema kwamba alitaka kuwapa Nashville adhabu mapema katika mechi. Ligi haikumtetea kwa kusema kwamba mwamuzi ni mwamuzi. Ilimwondoa, hakuchezesha tena mechi ya NHL.

Mifano hiyo miwili haivunji hoja, bali inaikamilisha. Utii wa mchezaji unadai uaminifu wa mwamuzi. Anayeshika filimbi lazima naye awe na kizimba chake. Pale ambapo mchezaji anaadhibiwa lakini mwamuzi aliyenunuliwa anarudi Jumapili ijayo na filimbi ileile, hakuna atakayekubali kukaa hata sekunde kumi.

Imama na mizani iliyochelewa

Imama mwenyewe ameonja upande huo wa mambo. Mwezi wa kwanza 2020, akicheza AHL, ligi iliyo chini ya NHL, mpinzani aitwaye Brandon Manning alimtolea tusi la ubaguzi wa rangi. Manning aliomba msamaha na akafungiwa mechi tano. Tarehe 12 mwezi wa kwanza 2022, mchezaji mwingine, Krystof Hrabik, alimfanyia Imama ishara ya nyani katikati ya mechi. Safari hii adhabu ilikuwa mechi 30.

Kosa la aina moja, mtu yuleyule aliyedhalilishwa, miaka miwili kati yake: kutoka mechi tano hadi thelathini. Mtu anaweza kufurahi kwamba ligi hatimaye ilielewa uzito wa jambo. Anaweza pia kuuliza kwa nini ilihitaji kijana huyu atukanwe mara mbili. Maswali yote mawili ni halali. Lisilobishaniwa ni namna Imama alivyojibu. Alilizungumzia jambo hilo waziwazi, hakulifunika ili aonekane mpole. Kisha akaendelea na kazi, na miezi michache baadaye mlango wa NHL ukafunguka.

Kuna kitu kingine ambacho kazi ya Imama inafundisha, na si kizuri kukisema. Kwa nini hoki ilihitaji wapiganaji kama yeye? Kwa sababu kwa miaka mingi timu ziliamini kwamba filimbi haitoshi kuwalinda nyota wao; kila timu ikaajiri mtu wa ngumi wa kulipiza. Ni haki ya mkononi, iliyovaa jezi. Gharama yake ilijulikana zaidi mwezi wa tano 2011, alipokufa Derek Boogaard, mmoja wa wapiganaji walioogopwa zaidi katika NHL, akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha kwamba ubongo wake ulikuwa umeharibika kwa ugonjwa unaohusishwa na mapigo ya kichwa ya mara kwa mara. Pale sheria inapoacha nafasi wazi, mtu fulani anaijaza kwa mwili wake.

Kutoka barafuni hadi kwenye vumbi

Mashariki mwa Kongo hakuna barafu, ila ile ya juu kabisa ya Ruwenzori. Lakini kila anayehudhuria mashindano ya kartie anaijua picha hii: filimbi inalia, wachezaji kumi wanamzunguka mwamuzi, mmoja anamsukuma, mashabiki wanaingia kiwanjani, na mechi inaishia kwa mawe. Mwamuzi, ambaye mara nyingi hana ulinzi, anajifunza kufumba macho. Wiki inayofuata kosa lilelile linapita bila kadi, na timu iliyoonewa inaamua kujilipia yenyewe.

Kabumbu tayari ina chombo kinachofanana na kizimba cha hoki. Sheria za mchezo zinaruhusu mchezaji kutolewa kwa muda katika mashindano ya vijana, ya wakongwe, ya watu wenye ulemavu na ya ngazi ya chini, mradi shirikisho la inchi likubali. Uingereza walianza kujaribu mwaka 2017 katika ligi 31 za ngazi ya chini: anayembishia mwamuzi kwa maneno anakaa nje dakika kumi. Kufuatana na shirikisho lao, maneno hayo yalipungua kwa 38%. Mwaka 2019 utaratibu ukaenezwa katika ligi za chini za inchi nzima. Wazo la kuupandisha hadi kwenye kabumbu ya juu, kwa kadi ya bluu, lilipingwa mwaka 2024 na halikupita. Lakini kwa ngazi ya kartie na ya shule mlango uko wazi.

Wako watakaosema kwamba hilo linahitaji kioo, saa kubwa na polisi. Si kweli. Huko Uingereza mchezaji anatoka tu, anakaa pembeni na kocha wake. Kinachohitajika ni kiti cha plastiki, simu yenye saa, na mtu wa pembeni wa kuhesabu. Kinachohitajika zaidi ni viongozi wa klabu watakaokubaliana kabla ya mashindano kuanza kwamba atakayetolewa atatoka, awe mtoto wa nani. Na kwamba mwamuzi atakayethibitika kupokea pesa naye atatoka, kwa muda mrefu kuliko dakika kumi.

Je, hili ni jambo dogo mbele ya shida za eneo hili? Ni dogo. Lakini watu wa mashariki wanajua kwa uchungu adhabu za aina mbili: ile isiyokuja kamwe, na ile ya umati unaomchoma mtu barabarani kabla ya kumuuliza jina lake. Ya pili inazaliwa na ya kwanza. Mtoto wa miaka kumi na mbili wa Katindo ao Kadutu hana mahali pengi pa kuona aina ya tatu: adhabu inayokuja palepale, yenye kipimo, inayompata mwenye jina na asiye na jina, na inayokwisha.

Anaweza kuiona kwenye kiwanja cha mpira siku ya Jumamosi. Mchezaji amemtukana mwamuzi. Anatolewa. Analalamika, anapiga chupa teke, lakini anakwenda kuketi. Wenzake wanakimbia mara mbili zaidi kwa ajili yake. Dakika kumi zinaisha, mwamuzi anamwashiria, anarudi, na hakuna anayemwita tena mkosaji. Kamati za mashindano ya likizo zinaweza kuliandika katika kanuni zao na kuliomba shirikisho liidhinishe kabla mpira wa kwanza haujapigwa.